Siti ya kuwamba

Mwaka juzi nilinunua siti laini kuliko zote zilizokuwapo dukani. Nene kama boflo. Ukiibonyeza, kidole kinazama mpaka kifundoni. Muuzaji akaniambia, "Hii jeli, sista. Ukikaa hapa utasahau kama uko kwenye baiskeli." Sikusahau. Wiki ya pili nikawa nikifika kazini nashuka getini, nasimama, najifanya natafuta kitambulisho mkobani, kumbe nangoja ganzi initoke huko chini nipate kutembea kama watu.

Wasomaji wenye haya naomba radhi mapema. Mimi ni muuguzi, na makala hii ni ya makalio. Hakuna namna ya kuzungumzia siti ya baiskeli bila kutaja kinachokaa juu yake.

Naishi nje kidogo ya Tanga mjini, njia ya Pangani. Toka kwangu mpaka kazini ni kilomita 7 na ushee, siku sita kwa wiki, zamu ya mchana au ya usiku. Mji wetu ni tambarare na baiskeli si mchezo wa wikiendi: muuza samaki anayo, mwalimu anayo, fundi cherehani anayo. Yangu ni mtumba wa Ulaya, ya kike, ile isiyo na bomba la juu, na usukani wake umeinuka kiasi kwamba nakaa wima kabisa, kama mtu aliye mezani anangoja chai. Huko kukaa wima kukumbukeni, maana ndiko kulikoniponza.

Kilichonidanganya ni kazi yangu mwenyewe. Wodini mgonjwa asiyejiweza tunamgeuza kila baada ya saa 2, kwa sababu palipo na mfupa karibu na ngozi, iwe kisigino, nyonga au mwisho wa uti wa mgongo, mgandamizo ukikaa sana damu haipiti na kidonda kinaanza. Vidonda vya namna hiyo nimevisafisha miaka mingi. Kwa hiyo akilini mwangu mfupa na kitu kigumu ni mahasimu, na sponji ndiye msuluhishi.

Lakini mpanda baiskeli si mgonjwa aliyelala. Anakanyaga, anajisogeza, anainuka kwenye pedeli akifika kwenye tuta. Na chini ya makalio tuna mifupa miwili, mmoja kila upande, ambayo kazi yake hasa ni hiyo ya kukalia. Kalia viganja vyako sasa hivi kwenye benchi la mbao: utaihisi kama vijiwe viwili. Ukikaa juu ya kitu laini mno, vijiwe vinazama, na jeli iliyosukumwa haiendi mbali, inapanda katikati. Na katikati ndiko inakopita mishipa ya fahamu na ya damu ya sehemu zile. Yaani ile siti iliacha kunibeba panapobebeka ikanibeba pasipobebeka. Anatomia ya nyonga nilisomeshwa, mtihani wake nikafaulu, na bado nikaenda kununua boflo.

Fundi wangu yuko Ngamiani, chini ya mkungu. Ana benchi moja, beseni la maji la kutafutia pancha, na ubao wenye misumari ambako siti kuukuu zimening'inia kama samaki wa kuanikwa. Ni mtu mzima. Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa akimpelekea baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nini tena?"

"Siti inaniumiza."

Hakuuliza wapi, mtu mwenye adabu. Akaibonyeza kwa dole gumba, akaliangalia dole linavyozama.

"Hili godoro. Godoro la kulalia. Wewe umeona wapi mtu akatembea juu ya godoro akafika?"

Akatungua siti moja ubaoni na kuipindua nione tumbo lake. Kwa juu ilikuwa ngozi ya kahawia iliyopauka, ngumu kama ubao wa kukatia nyama. Kwa chini hapakuwa na kitu. Si sponji, si plastiki, si ubao: ni upande wa ndani wa ngozi yenyewe, wenye vinyuzinyuzi kama mkanda mpya, na hewa. Nyuma ngozi imeshikwa kwa ribiti kwenye chuma kilichopinda kama ukingo wa sinia, mbele imeshikwa puani, na hapo katikati imevutwa ikakaza. Akaigonga kwa kucha. Ikatoa sauti.

"Hii haikujazwa kitu," akasema. "Hii imewambwa."

Neno hilo lilinifikisha Pangani. Bibi yangu alilalia kitanda cha kamba maisha yake yote. Godoro alilonunuliwa na wanawe alilikunja akaliweka juu ya kabati, likakaa huko mpaka anaingia kaburini. Kamba za miyaa zilizopita mfumbati kwa mfumbati, juu yake mkeka, basi. Kitanda kikilegea, wajukuu tunaitwa kuvuta, yeye anagonga kamba kwa kijiti zijipange. Pale alipolalia pana bonde lake, na ukilala hapo wewe mwingine unaviringika usiku kucha. Yeye analala fofofo, na mgongo hakuwahi kuulalamikia.

Siti ya ngozi ni kitanda hicho hicho, kimepunguzwa tu kimo. Haikulainishi kwa kujazwa, inakubeba kwa kunepa. Nikaielewa palepale, kabla hata sijaikalia.

Siti za namna hii zilikuja huku na zile baiskeli nyeusi za Raleigh, za Nottingham, Uingereza, breki zake za vyuma virefu, ambazo wazee wetu walizipanda kwa kofia na koti. Nyingi zilikuwa na siti ya Brooks. John Boultbee Brooks alianza biashara Birmingham mwaka 1866, akitengeneza vitu vya ngozi vya farasi. Kampuni husimulia kwamba mwaka 1878 farasi wake alikufa, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, siti ikamtesa mpaka akaazimia kutengeneza iliyo bora. Hataza yake ya kwanza ya siti, yaani hati ya kulinda ubunifu, ni ya mwaka 1882. Hadithi imenyooka mno, ila kwa habari ya mateso mimi namwamini. Kiwanda kiko Smethwick, ubavuni mwa Birmingham, ingawa tangu 2002 wenye mali ni Waitaliano, na ile siti yao iitwayo B17 imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 100. Ikiwa mpya, bei yake kwa hela zetu inakaribia kununua baiskeli nzima ya Phoenix, kwa hiyo tuyaache ya madukani huko turudi kwenye misumari ya fundi.

Ngozi yenyewe ni ya ng'ombe, nene, kama milimita 5, na imeiva kwa dawa ya mimea, si ya chumvi za kromiamu kama ngozi laini za viatu vingi. Dawa hiyo hukamuliwa kwenye magome ya miti. Hapa kwetu si jambo geni: magome ya mikoko ya Rufiji yaliwahi kupakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi hiyo, na Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome hayo hayo. Ngozi iliyoiva hivyo ni ngumu, lakini ikipata joto la mwili na jasho kidogo kidogo hufuata umbo la anayeikalia. Ngozi laini ya kiatu ingelegea ndani ya mwezi ukawa umekaa kwenye mfuko.

Sasa kuchagua. Fundi alitaka nikalie tu kila moja niseme, lakini mimi mambo ya kukisia sina. Nilirudi siku ya pili na kipande cha boksi la glavu, lile la nje lenye mawimbimawimbi ndani. Nikaliweka kwenye benchi, nikakaa wima kama ninavyokaa kwenye baiskeli, nikainua magoti kidogo nikahesabu mpaka thelathini. Vijana wawili waliokuwa wakingoja pancha waliangalia pembeni kwa heshima ya kulazimisha. Nilipoinuka boksi lilikuwa na vishimo viwili. Toka katikati ya kimoja hadi cha pili, sentimita 13.5.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua, si uzito wako wala ukubwa wa makalio. Nina wenzangu wanene wenye mifupa iliyokaribiana na wembamba wenye mifupa iliyoachana. Kwa kawaida ya nyonga zetu, wanawake huwa imeachana zaidi ya wanaume. Na siti ya ngozi ina mtego wake: ule ukingo wa chuma wa nyuma. Mifupa ikiangukia karibu na chuma, umekalia chuma, hata ngozi iwe ya namna gani. Ile B17 ina upana wa kama sentimita 17. Kwangu ingebaki chini ya sentimita 2 kila upande, na aliyekaa wima anakalia sehemu ya nyuma kabisa, penye ukingo. Anayeinamia usukani uzito mwingine anauweka mikononi na mifupa yake inasogea mbele, huyo siti nyembamba inamfaa. Mimi nilihitaji inayofika sentimita 20 au 21, na yenye springi mbili nyuma, kwa sababu ukikaa wima shimo la barabarani halina pa kupokelewa isipokuwa uti wa mgongo.

Hilo liliondoa siti zote ubaoni zikabaki nne.

Moja ilikuwa ya uongo. Juu inang'aa ngozi, ukigeuza unakuta plastiki nyeusi: ni reksini juu ya sponji. Ndiyo maana siti inaanza kutazamwa kwa chini. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, lakini fundi alipoikunja ukingo kidogo ikalia kama biskuti na ufa ukaonekana kwenye ribiti ya puani. Ngozi iliyokaushwa na jua miaka yote hiyo hairudi, uipake utakacho. Ya tatu ilishalegea, na ile nati ya puani inayosukuma pua mbele ili kukaza ngozi ilikuwa imefika mwisho wa parafujo. Kitanda kimelegea na kamba ya kuvuta hakuna. Ya nne ilikuwa na vumbi, kutu ya juujuu kwenye springi, na ngozi iliyokunjika bila kulia. Nati imetumika nusu. Nikatoa shilingi 35,000 bila kubembeleza sana, kosa ambalo fundi mwenyewe alilicheka.

Tukaenda kuifunga, ikagoma. Siti za zamani za springi, nyingi zina nyaya mbili kila upande, moja juu ya nyingine, na hushikwa kwa kibanio chake cha chuma kinachovalishwa kwenye bomba tupu. Bomba la siti la baiskeli yangu lilikuwa la kisasa, lina kichwa cha kubana waya mmoja mmoja. Hapo baba yangu angesema nimenunua kitasa kabla ya mlango. Fundi akajaribu mabomba matano kwenye rundo lake. La sita liliingia likicheza, akakata ukanda wa bati kwenye kopo la soda, akauzungushia, likakaa. Mkitafuta siti kuukuu, nendeni na baiskeli yenyewe.

Wiki ya kwanza niliijutia. Ilikuwa kama kukaa kwenye kizingiti. Lakini maumivu yalikuwa mahali pengine: yalikuwa kwenye ile mifupa miwili, kama ya mtu aliyekaa kwenye benchi la harusi tangu asubuhi, na ganzi haikuja hata mara moja. Muuguzi anajua kutofautisha. Maumivu ya mfupa uliobeba mzigo hupoa ukipumzika usiku mmoja. Ganzi ni mwili unakuomba uondoke hapo. Mwenye ganzi asivumilie akidhani atazoea.

Wiki ya pili nikafanya ujinga. Niliona ngozi imepauka nikaipaka kiwi ya viatu, ya kahawia, nikaisugua mpaka ikawa kama mpya. Nikaenda kazini nimevaa sare. Sare yetu ni nyeupe. Dada mkuu wa zamu alinivuta nyuma ya kabati la dawa akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama. Tangu siku hiyo najikunjia khanga juu ya siti safari za sare, na kiwi imerudi kwenye viatu.

Mafuta ya nazi nayo nilikuwa nimeshayafikiria, fundi akanikataza kabla sijafungua chupa. Mafuta ya maji huzama ndani, ngozi inalainika inalegea. Inachotaka ni kitu cha kuganda: nta ya nyuki iliyoyeyushwa na shahamu ya ng'ombe, kidogo sana, inapakwa juu kwa kitambaa na inaachwa usiku mmoja. Mimi napaka mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwa unyevu wa huku pwani, ukiifungia stoo bila kuipanda inaota ukungu wa kijani. Dawa yake ni kitambaa kikavu na kivuli chenye upepo, basi.

Adui ni mvua. Wahenga walisema ngozi ivute ili maji, na kwa mwenye kuwamba ngoma ni kweli tupu. Kwa siti ni maangamizi, kwa sababu anayeivuta ingali maji ni wewe, kwa kilo zako zote, na ikikauka inabaki ilivyovutwa. Zamani watu walifunika siti kwa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, 1 Juni 2019, imebidi kutumia akili: nilichukua mwavuli uliovunjika mbavu, nikakata kitambaa chake vipande viwili, nikashona kofia yenye lastiki ya sketi pembeni. Inakaa chini ya siti, imeviringishwa kwenye springi. Ikinyesha naivalisha kabla sijajifunika mwenyewe, na majirani wamesema wakachoka. Usisahau upande wa chini: madigadi ya nyuma ikiwa fupi, maji ya tairi yanailowesha ngozi tumboni huku juu umeifunika.

Kuitega kulichukua siku nyingi kuliko kuinunua. Nilianza na pua imeinama kidogo, nikidhani nazipa nafasi sehemu husika. Nikawa nateleza mbele safari nzima, najizuia kwa viganja, jioni vifundo vya mikono vinauma siwezi kukamua kitambaa. Ngozi iliyowambwa ina bonde katikati, kwa hiyo pua inatakiwa iwe sawa na nyuma au iinuke kwa unene wa kidole. Fundi alikuwa akiisogeza upana wa punje ya mchele, ananiambia nenda mpaka sokoni urudi. Nilikwenda sokoni mara nne siku ile na sikununua kitu. Na ile nati ya puani aliniapisha nisiiguse. Watu wakiona ngozi imebonyea kidogo wanakimbilia spana, wanaikaza mpaka inachanika kwenye ribiti. Kubonyea ndiyo kazi yake. Nimeizungusha mara moja tu kwa muda wote huu, robo mzunguko.

Mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha nikagundua kwamba siku nzima sijaifikiria siti. Ni jambo dogo, lakini nilikuwa nimerudi toka zamu ya usiku, saa 2 asubuhi, jua la Tanga limeshachoma, na kitu kilichoniuma ni miguu tu.

Sasa hivi ngozi ina vibonde viwili vilivyong'aa, na havilingani. Cha kushoto kina kina zaidi. Nilishangaa, nikajisimamisha mbele ya kioo nimevaa mkoba ninavyouvaa siku zote, nikaona bega moja juu, moja chini, na nyonga inafuata. Ninavyowatazama wagonjwa wakitembea wodini, mwendo wangu mwenyewe sikuuona mpaka ngozi ya ng'ombe iliponionyesha. Mkoba nimeuhamishia kwenye keria.

Juzi mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na saba, aliazima baiskeli kwenda Chumbageni. Alirudi anaisukuma.

"Shangazi, siti yako mbovu. Imepinda, inanimwaga upande."

Nikamwambia aiegeshe kivulini, na akiingia ndani aniletee hiyo khanga.